Mwenyekiti Hajasalimiwa

Kuna watu walipewa miguu ya kwendea mahali. Mimi yangu nadhani nilipewa ili soksi zipate pa kukaa. Nyumba ya mama iko West Indies, mtaa wa hapa Eldoret, karibu na mjini kiasi kwamba kelele za mji hunifikia zenyewe bila mimi kuzifuata, na mpango huo umenifaa maisha yangu yote. Nilipomaliza kidato cha nne nilikuwa na alama nzuri ya Kiswahili na alama za huruma katika masomo mengine, kwa hivyo nikawa mtu wa kuchapia majirani: ratiba za mazishi, kadi za harusi, barua za kuomba likizo. Walileta kazi mlangoni wakaichukulia mlangoni. Jirani mmoja aliniambia, "Wewe siku ukioa, watu watakuja na maziwa na mkate wakidhani ni mgonjwa wanamwona." Nilikuwa nimejifunika blanketi saa nne asubuhi, na mtu akiwa hivyo hana hoja.

Kazi ya mwongozo aliniletea mdogo wangu wa kike. Yeye alisoma kompyuta chuo kikuu na sasa anaishi Elgon View, mahali ambapo hata mbwa ana chumba chake. Alikuwa na wenzake wawili, mmoja Nairobi na mwingine Ulaya, katika nchi ambayo mama aliambiwa jina lake mara kadhaa akakataa kukubali kwamba ni nchi. Watatu hao walikuwa wakitengeneza programu ya simu kwa ajili ya ushirika mmoja wa maziwa upande wa Sugoi. Mkulima angeandika humo ng'ombe wake, maziwa aliyopeleka asubuhi, siku ya dawa ya kupe, kila kitu. Programu ilikuwa karibu kwisha. Kilichokosekana ni mwongozo wa Kiswahili, na ushirika ulikuwa umesema wazi: wanachama wasipoukubali mwongozo kwenye mkutano mkuu, programu irudi ilikotoka.

"Utaandikia nyumbani," mdogo wangu akasema.

Hapo hapo nikakubali. Sikuuliza hata ni mwongozo wa nini.

Lakini mama naye alikuwa na mpango wake. Mjomba ana duka la vifaa vya ujenzi mjini na alihitaji mtu wa kusimama kaunta. Kusimama. Kuanzia asubuhi, katikati ya misumari na rangi, ukiulizwa na mafundi habari ya koki za nusu inchi.

"Wale watu wa maziwa wakikataa hicho kitabu chako," mama akaniambia, "Jumatatu inayofuata mkutano, unaenda kwa Mjomba."

"Mama, si tungoje kwanza tuone..."

"Nimengoja tangu umalize shule. Nimeona."

Basi ikawa hivyo. Wengine walikuwa wanapigania programu, mimi nilikuwa ninapigania kiti.

Nikaandika kurasa za kwanza kwa raha, nikazituma kule mtandaoni ambako kazi ya wote ilikuwa inawekwa pamoja. Kabla sijanyanyua kikombe cha chai, ukurasa ukawa mwekundu mtupu kama umepata surua. Nikampigia mdogo wangu.

"Nani amenikatalia?"

"Hakuna mtu. Ni linta."

"Huyo naye ni wa nchi gani?"

Akacheka mpaka nikasogeza simu mbali. Kisha akanieleza. Linta ni programu inayokagua maandishi kabla hayajaingizwa. Haisomi unasema nini, inaangalia umekaaje. Kila ukurasa uanze na kichwa kimoja, si viwili. Mstari usizidi herufi themanini. Orodha ikianza kwa kistari iendelee kwa kistari, si nyota hapa na nukta pale. Usiache mistari miwili mitupu mahali pa mmoja. Ukikosea lolote, unakataliwa, na kilichokataliwa hakiingii.

Nikamfahamu mara moja. Shuleni kwetu alikuwepo kiranja wa namna hiyo. Alisimama getini akiangalia soksi na vifungo, na ungeweza kupita mbele yake kichwa kikiwa kitupu kabisa mradi shati limechomekwa. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu linta ikaitwa Kiranja, na hata mama akawa anauliza jioni, "Kiranja amesema nini leo?" kama anayeuliza habari ya mkwe.

Nilimjaribu. Niliandika ukurasa wa majaribio kuhusu jinsi ya kumkamua fahali: andaa ndoo safi, mkaribie kwa upole, waage watu wa nyumbani. Vichwa vilikuwa sawa, vistari sawa, mistari mifupi. Kiranja akanipa tiki ya kijani. Nikasahau nafasi moja kwenye ukurasa mzuri kabisa wa chanjo, akanikatalia. Nikaufuta ule wa fahali kabla mkulima yeyote hajaumia, lakini nilikuwa nimemwelewa mwenzangu. Baada ya hapo tukaenda vizuri. Nikawa mtu wa tiki. Mwongozo ulipomalizika ulikuwa umenyooka, ungedhani umepigwa pasi.

Hapo ndipo kamati ya ushirika ikaja kuusikia. Ninasema kuusikia kwa sababu Mwenyekiti alisema hasomi kitu muhimu kwenye simu. Kitu muhimu husomwa kwa sauti, watu wameketi. Wakaja watatu pamoja na mdogo wangu: Mwenyekiti mwenyewe, mzee wa koti la sufi na kofia ambayo haikuvuliwa, Makamu wake, ambaye hakuwahi kumaliza sentensi kwa sababu Mwenyekiti alimmalizia, na Mama Mweka Hazina, mwanamke mtulivu wa miwani aliyekunywa chai kama anaikagua. Mama yangu alitoa vikombe vya wageni. Maombi yakaombwa, marefu, yakapita kwa ng'ombe wote wa wilaya. Kisha nikaambiwa nisome.

Nikasimama. Nikasoma: "Jinsi ya kusajili ng'ombe. Fungua programu. Bonyeza..."

"Ngoja," Mwenyekiti akasema.

Nikangoja.

"Kijana, umeingia kwa nyumba ya watu bila kubisha."

Nikaangalia mlango. Nilikuwa kwetu.

"Hicho kitabu," akasema. "Kimeanza kuniambia nibonyeze. Mimi. Hakijanisalimia, hakijasema Mwenyekiti yuko, Makamu yuko, mchungaji yuko. Ati bonyeza!"

"Hata mazishini huwezi..." Makamu akaanza.

"Hata mazishini huwezi," Mwenyekiti akamalizia.

Na hapo niliona aibu ya kweli, maana ratiba za mazishi nimechapa mimi. Ninajua kwamba hapa kwetu mtu hasemi neno lolote mbele ya watu kabla hajazitaja ngazi zote, kuanzia juu hadi kwa mabibi na mabwana, na amalizie kwamba itifaki imezingatiwa. Nimeona mtu akishika maikrofoni kutangaza kwamba gari fulani limeziba njia, na akaanza na Mheshimiwa.

"Mzee, tutaweka salamu ukurasa wa kwanza," mdogo wangu akasema.

"Kila ukurasa," akasema Mama Mweka Hazina bila kuinua macho kwenye kikombe. "Mkulima akifungua katikati? Ng'ombe yake imevimba tumbo, anafungua ukurasa wa kuvimba. Hapo hatuko?"

"Ng'ombe imevimba tumbo na yeye anasoma salamu?" mdogo wangu akauliza.

"Atasoma haraka."

Mwenyekiti akasimama kuonyesha kwamba yamekwisha. Bila salamu, alisema, yeye hawezi kuusimamia mwongozo huo mbele ya mkutano mkuu, na asiposimama yeye, nani atainua mkono? Mama yangu aliyekuwa mlangoni na chupa ya chai akanitazama. Niliona koki za nusu inchi machoni mwake.

Nikaweka salamu. Kwa kila ukurasa, juu kabisa. Kiranja akakataa kila ukurasa. Kwanza, mstari wa kwanza ni lazima uwe kichwa. Nikashusha salamu chini ya kichwa. Akakataa tena: mstari umezidi. Kweli ulikuwa umezidi, kwa sababu Mwenyekiti alitaka kutajwa kikamilifu: Mheshimiwa Mwenyekiti wa Ushirika, Mzee wa Kanisa, Mjumbe wa Bodi ya Shule na Mfugaji Bora wa Maonyesho ya Kilimo. Mtu huyo hakuweza kuenea katika herufi themanini hata angekunja magoti. Nikamkata. Mfugaji Bora akashuka mstari wa pili. Kiranja akatoa tiki, nami nikawatumia kamati.

Simu ya Mwenyekiti iliingia kabla ya chakula cha mchana.

"Kijana, huyu Mfugaji Bora ni nani?"

"Ni wewe, Mzee."

"Mimi niko juu. Huyu yuko chini yangu, amemtangulia Makamu. Makamu amenipigia analia."

"Mzee, ni nyinyi wawili mmoja... yaani ni mtu mmoja, mstari ndio..."

"Basi kama ni mimi, nani amenikata?"

Baada yake akapiga Mama Mweka Hazina, na yeye hakulalamika, alitaarifu tu: alikuwa wa tatu tangu achaguliwe, na sasa anajiona yuko mstari wa nne.

Nikamwomba mdogo wangu amzime Kiranja kwenye kurasa zangu tu. Inawezekana, kuna maneno unaweka juu ya ukurasa, akiyaona anapita kama hajakuona.

"Sitaki," akasema. "Nikizima kwako, yule wa Nairobi ataomba azimiwe kwake. Yeye ndiye aliyekuwa anaandika vichwa kwa herufi kubwa zote, kama anaita mwizi. Tulipigana naye miezi. Saa hii angalau tunabishana na mashine."

"Kwa hivyo niende nikauze misumari."

"Usinilie. Kiranja anaweza kufundishwa, we mwandikie sheria. Mwambie salamu ni lazima, mpangilio ni huu, na mstari wa Mwenyekiti uruhusiwe kuwa mrefu. Halafu itakuwa sheria ya kawaida, na hakuna mtu atasema umependelewa."

Akanitumia mfano. Nilikaa nao mchana kutwa, chai ikapoa, ikapashwa, ikapoa. Sikusomea mambo hayo, lakini kuandika sheria kuligeuka kuwa kama kuandika ratiba ya mazishi: nani anatangulia nani, na nini kitatokea akirukwa. Mwisho nikatakiwa kuandika maneno ambayo Kiranja atayatoa mtu akikosea. Nikaandika: *Mwenyekiti hajasalimiwa.* Nikaituma sheria, tiki ya kijani ikatokea, nikajinyoosha kwenye kochi nikiwa mtu mkubwa.

Kulikuwa na jambo moja dogo. Mradi ulikuwa na folda ya mwongozo wangu na folda nyingine nyingi za wenzetu. Sheria yangu nilitakiwa kuiweka katika folda yangu. Niliiweka juu, penye mradi wote, kwa sababu nilidhani juu ndipo mahali pa Mwenyekiti.

Asubuhi yake mdogo wangu alinipigia kwa sauti ya chini sana, sauti ya mtu aliye ndani ya nyumba ya watu.

"Umefanya nini?"

"Nimekunywa chai tu."

"Kila kitu ni nyekundu. Maelezo ya seva, maelezo ya kuhifadhi data, kila kitu. Yule wa Ulaya ameamka akitaka kurekebisha ukurasa wake wa kuwasha seva upya, amekataliwa. Ameambiwa Mwenyekiti hajasalimiwa."

"Sasa amefanya nini?"

"Amemsalimia."

Hapo nikaketi. Watu wa programu wanaweza kubishana wiki nzima juu ya nafasi moja tupu, lakini Kiranja akisema, wanatii. Baadaye labda watauliza. Yule Mzungu alikuwa amenakili salamu zote kutoka kwa mwongozo wangu, kwa Kiswahili, bila kuelewa hata neno. Ukurasa wa jinsi ya kuwasha seva upya sasa ulianza na Mheshimiwa Mwenyekiti, Mzee wa Kanisa, ukamtambua Makamu, Mama Mweka Hazina, mchungaji, wazee wa vijiji, akina mama, vijana, mabibi na mabwana, ndipo ukasema zima mashine. Halafu akaandika kwa wenzake, kwa adabu, akiuliza huyu mwenyekiti ni nani, na je, ni muda mrefu hajasalimiwa?

"Toa hiyo sheria," nikamwambia.

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu niko hapa Sugoi kwa Mwenyekiti, sebuleni, tunapanga mambo ya mkutano. Laptopu ilikuwa wazi. Ameisoma."

Nikasikia sauti ya Mwenyekiti nyuma yake, yenye furaha ambayo sikuwahi kuisikia. "Ni nani huyu amesema ukweli? 'Mwenyekiti hajasalimiwa'! Hiyo kompyuta imelelewa vizuri kuliko nyinyi. Na huyu wa Ulaya, mwambie nimepokea. Mwambie hata sisi hapa hatujambo."

Sheria haikutolewa. Yule wa Nairobi aligoma mpaka adhuhuri, kisha naye akasalimia, kwa herufi ndogo.

Mkutano mkuu ulikuwa Jumamosi, uwanja wa shule. Mimi niliuhudhuria nikiwa ndani ya mkoba wa mdogo wangu: alinipigia simu, akaiacha wazi, akaitia humo. Nilikuwa nyumbani kitandani, lakini kwa masikio nilikuwa Sugoi, nikisikia funguo, pakiti ya peremende na, kwa mbali, hatima yangu. Mama alikuja akaketi ukingoni mwa kitanda na ufumaji wake. Alikuwa amekuja kusikia kama nitaamka mapema Jumatatu.

Salamu zilichukua muda. Kisha mdogo wangu akaanza kusoma mwongozo, na mzee mmoja akamkatiza.

"Hiyo kitu ni ndefu. Mbona salamu zimekuwa nyingi kabla ya ng'ombe? Mimi nataka ng'ombe."

Watu wakaguna. Miguno ndani ya mkoba inafanana yote, huwezi kujua imeegemea wapi. Mwingine akasema, "Hata mimi. Nikipata shida saa ya kukamua, nianze na Makamu?"

"Makamu ana kosa gani..." Makamu akaanza, na safari hii hakuna aliyemmalizia.

Mama yangu akaacha kufuma. "Umekwisha," akasema, si kwa ubaya.

Ndipo Mwenyekiti akasimama. Akawaambia kwamba huko Ulaya, katika nchi yenye theluji na ng'ombe wa kila rangi, kuna mzungu ambaye hawezi kuwasha mashine yake kabla hajausalimu ushirika huu. Hausalimu kwa hiari, ni sheria. "Amemtaja Makamu. Amemtaja Mama Mweka Hazina. Amewataja akina mama na vijana. Amesema mabibi na mabwana, na hao ni nyinyi mlioketi hapo! Sasa mnataka mimi nimwandikie mzungu kwamba aache?"

Kisha akaita, "Wanaokubali, mikono juu."

Mikono haina sauti. Nimewahi kungoja matokeo ya mtihani, nimewahi kungoja daktari, lakini sijawahi kungoja kama nilivyoungojea mkoba ule. Mtu alikohoa. Pakiti ya peremende ikalia. Mama alinishika kifundo cha mguu bila kujijua.

"Tuwapigie makofi ya kilo," sauti ikasema, yaani yale ya pongezi, ya mpigo mmoja.

"Kina nani?" nikauliza mkoba. "Wapigiwe kina nani?"

Makofi yakaja, mazito, na mdogo wangu akaitoa simu akapiga kelele, "Wamekubali! Wote, hata yule wa ng'ombe!"

Nililala chali nikaangalia dari. Mama akakusanya uzi wake. "Nitamwambia Mjomba atafute mtu mwingine," akasema. "Lakini uoge."

Ingeishia hapo, ningekuwa mtu mwenye bahati kuliko wote Eldoret. Lakini simu ilikuwa bado wazi, na kipengele kilichofuata kilikuwa uchaguzi. Mama Mweka Hazina alisimama kugombea uenyekiti, na akashinda kwa ile mikono isiyo na sauti. Mzee wa koti la sufi akafanywa Mlezi wa Ushirika ili asiumie. Makamu akabaki Makamu. Nasikia alitaka kusema kitu.

Neno la kwanza la Mwenyekiti mpya lilikuwa la kazi. "Hizo salamu," akasema, "zibadilishwe leo. Mimi juu, Mlezi anafuata, na Mweka Hazina mpya awekwe. Na kwa sababu kamati ndogo nazo zinabadilika kila mara, huyu kijana anayeandika salamu awe anakuja kwa kila mkutano, aketi mbele, aone mwenyewe nani amepanda na nani ameshuka. Yuko wapi?"

"Yuko... kwenye simu, Mama," mdogo wangu akasema.

"Mwambie simu haiketi."

Likapitishwa. Mikono, kimya, makofi ya kilo.

Niliibadilisha sheria jioni hiyo. Kila ukurasa wa mradi ukawa mwekundu tena, na asubuhi yule wa Ulaya alikuwa ameshampongeza Mama Mwenyekiti kwa kila seva aliyonayo. Mimi nilikuwa ninatafuta koti. Jumanne kuna kamati ndogo ya josho, huko ndani kabisa baada ya Sugoi, mvua imenyesha, na nimeambiwa nije na gambuti.